Wale watoto walilelewa na nani?

Bwana Mhariri,

Assalamu alaikum, na salamu kwa wasomaji wote. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliichapa hivi majuzi kuhusu filamu ya Wild Rose. Alisema filamu hiyo inawafunza mabinti zetu kuwatupa watoto wao na kukimbilia stejini, na akawasihi wazazi wa Pwani wasiiruhusu majumbani mwao. Barua yake nimeisoma kwa makini, na naamini aliiandika kwa uchungu wa mzazi. Lakini mimi pia ni mzazi, tena mzazi wa mwimbaji, na filamu hiyo nimeitazama mwanzo hadi mwisho. Yeye alimtazama binti. Mimi nilimtazama mama, na naona yule mama ametendewa dhulma katika barua ile, maana hakutajwa hata kwa neno moja.

Kwa wasioijua, hii ni filamu ya Uingereza iliyoongozwa na Tom Harper na kuandikwa na Nicole Taylor. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2018, ikaingia katika majumba ya sinema ya Uingereza 2019. Mhusika mkuu ni Rose-Lynn, kijana wa mji wa Glasgow kule Scotland. Ana watoto wawili, wa kike na wa kiume, na ana hamu moja iliyomjaa moyoni: awe mwimbaji wa muziki wa country na afike Nashville, Marekani, ambako ndiko nyumbani kwa muziki huo. Hata watoto wake amewapa majina ya waimbaji wa country. Filamu inaanza siku anayotoka jela. Alifungwa mwaka mmoja kwa sababu ya dawa za kulevya zilizorushwa ndani ya gereza kupitia juu ya ukuta. Anatoka na kifaa cha polisi kwenye kifundo cha mguu, na kwa amri ya mahakama lazima awe ndani ya nyumba kuanzia saa moja ya jioni hadi saa moja ya asubuhi. Nani asiyejua kwamba muziki ni kazi ya usiku?

Anapata kazi ya usafi nyumbani kwa mama mmoja tajiri, Susannah. Huyo anamsikia akiimba, anapendezwa, anaahidi kumsaidia. Na Rose-Lynn anamficha kwamba ana watoto. Hapo ndipo mwandishi wa ile barua alipopandwa na hasira, na simlaumu. Mimi pia niliumia. Mama akimkana mwanawe, hata kwa kunyamaza tu, moyo wa mwenye kutazama hauwezi kutulia. Filamu yenyewe haimtetei. Ahadi anazowapa wale watoto anazivunja mbele ya macho yetu, mtoto wa kiume anaumia mkono mama hayupo, na yule wa kike amekuwa mkimya mbele ya mama yake kama mtu aliyezoea kudanganywa. Anayesema filamu hii inasifu utoro huo hakuyatazama macho ya yule mtoto wa kike.

Sasa mtazameni Marion, mama yake Rose-Lynn, aliyeigizwa na Julie Walters. Huyu anafanya kazi katika duka la mikate. Mwaka mzima binti yake yuko gerezani, yeye ndiye aliyewalisha wale wajukuu, akawavisha, akawapeleka shule, akawalaza. Binti anarudi, na badala ya kuuliza "Mama, umechoka?" anataka watoto waendelee kuwekwa kwa bibi ili yeye afukuzie mambo yake. Marion anakasirika. Anamwambia binti yake ukweli bila kuupaka asali: kua, lea wanao, acha kuota. Kwa muda mrefu ndani ya filamu unamwona ni mama mkali asiyejua thamani ya kipaji cha mwanawe.

Halafu, baada ya mipango ya yule tajiri kuvunjika, na baada ya Rose-Lynn kuvua yale mabuti yake meupe na kukubali kazi ya kawaida, Marion anafanya jambo ambalo lilinifanya nishike mkono wa binti yangu tuliyekaa naye. Anatoa akiba yake. Anampa mwanawe zile pesa aende Nashville. Anamwambia kwamba alitaka ajifunze kubeba majukumu yake, hakutaka kumuulia matumaini. Tajiri alikuwa na nyumba kubwa, bustani, marafiki wenye uwezo, na sherehe ya kuchangisha. Lakini nauli ya kwenda Nashville ilitoka kwa mwenye kuuza mikate. Hapo ndipo ilipo filamu yote, na barua ya mwenzangu ilipapita hapo bila kupaona.

Nitasema kwa nini mimi nilipaona. Nakaa Malindi, Shela, na riziki yangu ni mahamri na mbaazi za nazi. Jioni naukanda unga kwa tui, sukari, hamira na iliki niliyoitwanga mwenyewe, naufunika kwa kitambaa uumuke. Kabla ya adhana ya alfajiri nishawasha makaa, karai liko juu, nasukuma na kukata. Wajukuu zangu wawili wamelala chumba cha nyuma. Na mara nyingi usiku wa manane, kabla sijaamka kwa kazi yangu, nasikia tuktuk ikisimama nje: mama yao amerudi kutoka kuimba hotelini. Anaingia na buibui lake. Ndani ya mkoba kuna gauni la stejini lililokunjwa, viatu vya kisigino, na chupa ya maji ya tangawizi aliyoyanywa kulinda koo. Anatoka nyumbani na buibui, anabadilisha hotelini, anarudi na buibui. Si kwamba anajificha, maana mtaa mzima unajua anakwenda wapi. Ni heshima anayowawekea wazee wa mtaa, na mimi mamake.

Maneno nimeyasikia. Nimeyasikia dukani, nimeyasikia arusini, nimeyasikia kwa jamaa zetu wenyewe. "Bibi, mwanao anaimba kwenye walevi." "Bibi, wewe umegeuzwa yaya." Na lile linalonichoma zaidi: "Angekuwa na haya angekaa na wanawe." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza baba wa watoto hao yuko wapi. Hata mwandishi wa ile barua, kwa safu zote mlizompa, hakuuliza. Katika ile filamu hatuoneshwi baba akiwalea wale watoto, wala akiwalipia chochote, na msomaji mwenzetu hakuona kuna pengo. Ghadhabu yote aliimwaga kwa mama yao. Baba wa wajukuu zangu ni mzima, ana miguu miwili, na sitamtaja hapa kwa sababu ya watoto. Nasema tu kwamba ada ya shule hutoka kwenye koo la mama yao na kwenye karai langu.

Nimewahi kugombana na binti yangu, tena ugomvi mzito. Nilimwambia kazi ya usiku si kisingizio cha kutojua mtoto ana mtihani. Nilimwekea sharti: siku ambayo hana kazi, watoto ni wake tangu asubuhi, mimi sishiki hata kikombe. Alilia, akanuna, kisha akalishika sharti hilo, na hadi leo ndivyo tunavyoishi. Kwa hiyo Marion alipokuwa akimkemea mwanawe, mimi sikuona mama mkatili. Unaweza kumkemea mwana na papo hapo ukamwekea akiba. Mama zetu wa Pwani wanayajua hayo kuliko mtu yeyote.

Mwenzangu aliandika pia kwamba country ni muziki wa wazungu, hautuhusu. Hili nalo nalijibu, maana marehemu mume wangu alikuwa mpishi wa hoteli na nyumba yetu ilijaa kaseti: Jim Reeves, Skeeter Davis, Kenny Rogers, Dolly Parton, pamoja na muziki wa udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, ambaye kwa mume wangu alikuwa hana mfano. Zote zilipigwa kwenye redio moja. Wakenya wa bara na wa pwani wameupenda muziki huu miaka na miaka, na tunaye Sir Elvis anayeuimba hapahapa nchini. Isitoshe, ile banjo, ala ya nyuzi inayosikika kwenye country, asili yake ni vyombo vya Afrika Magharibi, vilivyovuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. Mmoja wa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry cha Nashville alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo. Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi, mweusi vilevile, akaja kuwa mmoja wa wakubwa wa muziki huo. Na mwaka 2025 tuzo ya Grammy ya albamu bora ya country alichukua Beyoncé.

Na kama shida ni mama mwenye watoto kuimba, basi amtazame Loretta Lynn, mwimbaji wa country wa Marekani. Alizaliwa 1932 katika familia ya mchimba makaa ya mawe kule Kentucky, akaolewa akiwa na umri wa miaka 15, na kabla hajafika miaka 20 alikuwa na watoto wanne. Gitaa lake la kwanza alinunuliwa na mumewe. Aliyoyaimba ndiyo aliyokuwa akiyaishi: jiko, nepi, mume mlevi, mimba juu ya mimba. Wanawake wa Marekani walimpenda kwa sababu alikuwa akisema ya nyumbani kwao.

Lakini kwani twende Kentucky kwa nini? Sisi tunaye Siti binti Saad. Mtoto wa shamba, wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuingia mjini kujifunza kuimba. Walimsema umaskini wake, wakamsema sura yake, wakasema kama si sauti angekula nini. Naye mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na Kiswahili kikasikika Pwani nzima kwa sauti yake. Shaaban Robert alimwandikia kitabu, na kina heshima tele ndani yake. Na karibu zaidi na sisi yuko Nyota Ndogo, ambaye kabla hatujamjua kwa sauti alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Akisimama leo kuimba, nani wa kumwambia alikosea kuliacha fagio?

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu hasa, maana kumjibu mwenzangu peke yake nisingemchosha Mhariri.

Kuna mahali Rose-Lynn anafika London, BBC, kuonana na Bob Harris. Huyu ni mtangazaji wa kweli, amejulikana kwa vipindi vya country, na ndani ya filamu amecheza kama yeye mwenyewe. Anamkaribisha vizuri. Sauti yake ameipenda. Kisha anamuuliza kama anaandika nyimbo zake mwenyewe, na kama sivyo, ni nini alicho nacho cha kuwaambia watu. Rose-Lynn anabaki kimya. Maisha yake yote ameimba za wengine, na vizuri, lakini hana jibu.

Binti yangu aliisimamisha picha hapo. Akaniambia, "Mama, mimi ningekuwa na la kumjibu." Na ni kweli, ninalijua jibu lake. Ana daftari, daftari la mazoezi la mwanawe, kurasa za mbele zimejaa hesabu za kuzidisha, na kuanzia nyuma kuja mbele zimejaa nyimbo. Kuna mmoja unahusu Sabaki. Walio Malindi wanajua mvua zikinyesha bara mto ule huteremka na udongo wake, na bahari yetu hugeuka rangi ya matofali hadi mbali. Wageni hununa, husema bahari chafu. Yeye ameandika kwamba huo ni udongo wa mashamba ya watu, jasho la watu wa juu kule, umekuja kutuamkia. Kuna beti kuhusu baba yake akisimama ufukweni na sare ya mpishi akiyatazama maji yale baada ya kazi. Mahadhi yana taarabu ndani yake, na gitaa limetoka moja kwa moja kwenye zile kaseti za babake. Nimeusikia wimbo huo akiwa anaosha vyombo. Nimeusikia akimbembelezea mtoto mwenye homa. Hotelini haujawahi kusikika.

Hautakiwi. Kazi ya bendi ya hoteli iko hivi, kwa wasioijua. Vijana wanafunga vyombo karibu na bwawa la kuogelea, wageni wakiwa mezani. Wanaanza na Jambo Bwana ya Them Mushrooms, ambayo tangu miaka ya 1980 hakuna mgeni aliyelala hoteli ya Pwani asiyeisikia. Inafuata Malaika. Zinafuata za Kiitaliano, maana Waitaliano wamekuwa wenyeji Malindi tangu enzi za kituo chao cha roketi cha San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960. Binti yangu anaziimba kwa Kiitaliano safi. Zinafuata za country, na hapo wazee wa Kizungu huinuka kucheza na wake zao, na yeye hufurahi kwelikweli, sikatai. Usiku ukimalizika wanagawana ujira. Katika hoteli moja ambayo sitaitaja, aliomba aingize wimbo wake mmoja tu, katikati, dakika nne. Akajibiwa kwamba mgeni hakulipa pesa zake kusikiliza asichokijua. Aliporudia ombi hilo wiki nyingine, bendi ikapunguziwa siku. Wenzake wakamnunia, na siwalaumu, nao wana watoto.

Kusi linapoanza mambo huzidi kuwa magumu. Mwezi wa Aprili wageni wameondoka, hoteli kadhaa zinafunga hadi Julai, na hata hizo nyimbo za wengine zinakosa pa kuimbwa. Hapo ndipo utamwona mwimbaji wa Malindi akiuza nguo za mitumba au akisuka watu nywele. Ndipo pia zinapokumbukwa ahadi za wageni. Kila mwimbaji wa hoteli hapa ameahidiwa na mgeni fulani kwamba atapelekwa Ulaya, atarekodiwa, atafunguliwa njia. Mgeni hupanda ndege, na namba yake ya simu haipokelewi tena. Ndiyo maana habari ya Susannah katika ile filamu haikunishangaza. Filamu inamwonesha ni mtu mwema, na labda ni kweli, lakini binti wa watu alijenga ngazi yake yote kwenye ukuta wa nyumba ya mwingine, na mume wa yule mama aliposema inatosha, ikawa imetosha. Hapa naona filamu imesema kweli kuliko vile wenyewe walivyokusudia. Sikupenda tu jinsi ilivyomwachilia Susannah upesi. Ningetaka kumwona siku ya pili yake, anamwajiri nani mwingine wa kumpigia deki.

Na Nashville yenyewe? Mwenzangu aliandika kana kwamba Rose-Lynn alikwenda akapotea huko. Hakupotea. Alikwenda, akaingia Ryman, lile jukwaa kongwe lililofunguliwa 1892 kama nyumba ya ibada ya Kikristo, na ambalo kuanzia 1943 hadi 1974 ndilo lilikuwa maskani ya Grand Ole Opry. Alipanda pale juu, viti vikiwa vitupu, akaimba. Kisha akarudi kwao, kwa wanawe na mamake. Mwisho wa filamu anasimama mbele ya watu wa mji wake mwenyewe, Glasgow, anaimba wimbo unaohusu nyumbani, na watoto na bibi yao wamo kati ya wasikilizaji. Jessie Buckley, yule mwigizaji wa Ireland, ameimba kwa sauti yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na pale mwisho sauti hiyo ina uzito ambao haikuwa nao alipokuwa akiimba za watu. Alikuwa amepata jibu la swali la Bob Harris. Binti aliyewatupa watoto wake hawezi kuwa na wimbo ule. Ameupata kwa kuwarudia.

Ndiyo sababu nawaomba wazazi wenzangu waitazame, pamoja na mabinti zao, wala wasiogope yale matusi ya mwanzo. Lugha yao ya Glasgow ni nzito na mimi nilihitaji maandishi ya chini, na binti yangu akinisaidia palipokwenda mbio. Kuna mambo ya ulevi na ya faragha ambayo si ya watoto wadogo, kwa hiyo walazeni kwanza. Lakini binti mwenye kipaji na mwenye mtoto, ambaye amebaki njia panda, ataona ndani yake mambo mawili ambayo nadra huwekwa pamoja: kwamba wanawe wanamdai, na kwamba kudaiwa huko hakumfungi mdomo.

Kwa wenye hoteli za Malindi na Watamu nina ombi dogo na naliandika kwa adabu zote. Usiku mmoja kwa wiki, wapeni waimbaji wenu nusu saa ya nyimbo zao. Zitangazeni kwenye ubao, kama mnavyotangaza usiku wa pweza na kamba. Mgeni aliyesafiri kutoka Milano hadi hapa hakuja kusikiliza za Milano peke yake. Mwandikieni maana ya wimbo kwenye karatasi mezani, mwambieni huyu anayeimba ni mtoto wa Shela, au wa Ngomeni, au wa Mambrui, na wimbo huu ni wake. Mgeni asipopenda, mmepoteza nusu saa. Akipenda, mna kitu ambacho hoteli ya jirani haina. Na ule ujira wa usiku huo usikatwe chakula wala usafiri, maana tunajua yanayotendeka.

Kwa gazeti hili nina ombi pia. Mnaandika sana habari za wasanii wa Nairobi, wamegombana na nani, wamenunua gari gani. Mtumeni mwandishi mmoja aje Malindi, akae na bendi moja ya hoteli tangu wanapofunga spika hadi tuktuk zinapowarudisha. Na akimaliza kumhoji mwimbaji, afike nyumbani kwake amuulize anayebaki na watoto. Amwandike jina lake akikubali. Mimi nitakubali.

Kuhusu hoteli, muda si mrefu kaskazi itarejea, na mameneja hupanga ratiba za bendi za msimu mpya mwezi wa Novemba. Mwenye nia asingoje Desemba, kwa sababu wakati huo orodha ya nyimbo huwa imeshapigwa muhuri na bendi zimeshatia saini.

Ni mimi,
Mama wa mwimbaji,
Shela, Malindi